Uzi maalumu: namna ya kuchagua chaja moja ya mezani yenye matundu mengi kwa vifaa vidogo vya nyumbani

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nyumba nyingi za mjini siku hizi zina vifaa vingi vya kuchajiwa kuliko soketi zilizopo ukutani: simu janja za wazazi na za vijana, kitochi cha bibi, visikilizi vya bluetooth, saa janja, spika, taa ya dharura, pawabenki, mashine ya kunyolea. Ekstensheni moja hubebeshwa vichwa vya chaja vinavyosukumana, kimoja hulegea, kikaanza kupata moto na kutoa cheche. Chaja ya mezani, yaani kiboksi kimoja chenye waya mmoja unaokwenda ukutani na matundu manne hadi kumi ya USB usoni pake, inaondoa msongamano huo. Tatizo ni kwamba madukani watu huichagua kwa namba kubwa iliyochapwa mbele ya boksi, wati 65, wati 100, wati 140, ilhali kwa mwenye vifaa vidogo vingi namba hiyo inasema machache sana. Kinachoamua kama chaja itakufaa ni jinsi wati hizo zinavyogawanywa tundu kwa tundu pale vifaa vyote vinapochomekwa kwa pamoja, na habari hiyo huandikwa kwa herufi ndogo sana chini ya kiboksi au ubavuni mwa boksi.

Tuanze na mahitaji yenyewe. Kikasha cha visikilizi huvuta karibu nusu ampea kwenye volti 5, sawa na wati mbili na nusu. Saa janja nyingi hazifiki wati 5, na kitochi hutosheka na wati mbili au tatu. Taa ndogo na mashine ya kunyolea huzunguka kwenye wati 5, wakati spika ya kawaida au kifaa cha MiFi (kirusha intaneti kidogo cha kubeba) kinaweza kufika 10. Simu janja inayochaji kwa kasi ya wastani huchukua wati 10 hadi 18, na pawabenki ya mAh 10,000 huchukua takriban hizo hizo. Ukijumlisha vya familia nzima utapata kitu kati ya wati 60 na 90, tena kwa kipindi cha mwanzo tu, kwa sababu betri ya lithiamu inapokaribia kujaa simu yenyewe hupunguza mkondo inaouvuta. Kwa hiyo chaja ya wati 65 hadi 100 iliyogawanywa vizuri itawatosha watu wengi, na chaja ya wati 140 iliyogawanywa vibaya itawaudhi.

Kabla sijaendelea, niiondoe hofu moja ambayo naiona kila mahali, kwamba chaja yenye wati nyingi itaua betri ya kifaa kidogo. Ampea zilizoandikwa kwenye chaja ni kiwango cha juu inachoweza kutoa, na kifaa ndicho kinachoamua kivute kiasi gani kupitia sakiti yake ya kuchajia. Visikilizi vitavuta nusu ampea ile ile hata vikichomekwa kwenye tundu la ampea 5. Kinachoweza kuunguza kifaa ni volti isiyostahili, na chaja inayofuata taratibu za USB huanza na volti 5 na haipandishi hata kidogo mpaka kifaa kiombe.

Sasa nije kwenye mgawanyo. Chukua mfano wa chaja ya wati 100 yenye matundu matatu ya USB-C (yale madogo yenye ncha za mviringo) na moja la USB-A (lile pana la mstatili), aina ambayo imejaa madukani. Ukichomeka kifaa kimoja kwenye tundu la kwanza, unapata wati 100 kamili. Ukiongeza cha pili, zinakuwa 65 na 30. Ukiongeza cha tatu, zinaweza kuwa 45, 30 na 20. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya unakuja kwenye tundu la mwisho la C na lile la A, ambayo katika chaja nyingi hutumia sakiti moja: likitumika moja peke yake linapanda hadi volti 9 au 12, lakini yakitumika yote mawili yanashushwa hadi volti 5 na kugawana ampea 3, maana yake wati 15 kwa vifaa viwili. Hapo simu iliyokuwa ikijaa kwa saa moja na nusu itachukua saa tatu au zaidi, na mwenye nayo ataanza kulaumu betri. Tafuteni maandishi ya aina ya «C3+A: 5V 3A», yaani tundu la tatu la C pamoja na la A. Yakiwepo, fahamuni kwamba matundu hayo mawili ni ya vifaa vya taratibu tu, kama saa, visikilizi na kitochi.

Jambo la pili la mgawanyo huu ni kwamba haufanyiki kimyakimya. Katika chaja nyingi za aina hii, kila unapochomeka au kuchomoa kifaa, chaja hukata umeme kwenye matundu kwa sekunde moja au mbili, halafu hujadiliana upya na kila kifaa kuhusu volti na ampea. Simu hulia tena mlio wa kuanza kuchaji na maisha yanaendelea. Ila kifaa kisichokuwa na betri, kwa mfano kamera ya ulinzi au kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, huzimika na kuwaka upya kila mtu anapochomoa simu yake. Vifaa vya namna hiyo visichanganywe kwenye chaja inayogawana.

Kwa sababu hizo mbili, kwa meza ya vifaa vidogo napendekeza kwa moyo mmoja chaja yenye matundu mawili ya USB-C yenye Power Delivery (utaratibu wa chaja na kifaa kukubaliana volti na ampea), na matundu manne au zaidi ya USB-A yaliyo huru, ambayo kila moja linatoa volti 5 na ampea 2.4 bila kujali jirani yake anafanya nini. Najua wengi wanaona USB-A imepitwa na wakati. Kwa vifaa vidogo bado ina kazi kubwa, na sababu yake inahitaji maelezo kidogo.

Tundu la USB-C halitoi umeme wowote mpaka lihisi kwamba upande wa pili kuna kifaa. Linahisi kwa njia ya rezista za kiloomu 5.1 ambazo mtengenezaji wa kifaa anatakiwa kuziweka nyuma ya tundu lake, kwenye miguu miwili inayoitwa CC. Rezista hizo ni za bei ndogo mno, lakini watengenezaji wa taa, feni ndogo, mashine za kunyolea na spika za bei nafuu mara nyingi huziacha. Matokeo yake ni kifaa chenye tundu la USB-C kisichochaji kabisa ukitumia kebo ya C kwenda C, hata chaja iwe bora kiasi gani, na mwenye nacho anadhani kimekufa. Kichomeke kwa kebo ya A kwenda C, kitawaka papo hapo, kwa sababu tundu la A hutoa volti 5 muda wote bila kusubiri kuulizwa. Msidhani kasoro hii ni ya vifaa vya mtaani pekee. Raspberry Pi 4 ilipotoka Juni 2019, toleo lake la kwanza liliunganisha miguu hiyo miwili ya CC kwenye rezista moja badala ya kila mguu kuwa na yake, na kwa hiyo baadhi ya chaja nzuri zikitumia kebo zenye chipu ya utambulisho ziliiona kama kifaa cha sauti, zikakataa kuipa umeme.

Kwa hiyo kabla hamjanunua chaja yenye matundu ya C peke yake, jaribuni kwanza vifaa vyenu vyote kwa kebo ya C kwenda C. Vinavyokataa ndivyo vitakavyowaambia mnahitaji matundu mangapi ya A.

Kuna chaja za zamani kidogo za matundu sita ya A, wati 60, ambazo bado zinauzwa kwa bei nzuri. Ni mashine za maana kwa kibanda cha kuchajia simu au kwa familia yenye vitochi na simu za kawaida. Fanyeni tu hesabu iliyoandikwa chini yake: wati 60 kwenye volti 5 ni ampea 12, wakati matundu sita yakitoa ampea 2.4 kila moja yangehitaji 14.4. Yote sita hayawezi kufika kileleni kwa wakati mmoja. Kwa vifaa vidogo pengo hilo halitaonekana.

Kuhusu simu zinazochaji haraka, someni orodha ya volti ya kila tundu la C. Power Delivery ya kawaida hutoa volti 5, 9, 15 na 20. Simu za Samsung zenye chaji ya wati 25 zinahitaji zaidi ya hapo: zinataka PPS, utaratibu unaoruhusu simu kuomba volti kidogo kidogo kwa hatua za milivolti 20. Kwenye kibandiko cha chaja PPS huonekana kama safu, kwa mfano 3.3V hadi 11V, na isipokuwepo simu hizo zitachaji taratibu zaidi ingawa chaja imeandikwa wati 100. Kampuni nyingine zina taratibu zao za ndani. Oppo, kwa mfano, ilianzisha VOOC mwaka 2014, ambayo ilipeleka ampea 4 kwenye volti 5 kwa kebo maalumu, na chaja ya kampuni nyingine haiwezi kuifuata kirahisi. Mwenye simu ya aina hiyo aitunze chaja yake ya kwenye boksi kwa siku za haraka, na chaja ya mezani aitumie usiku.

Hali hii inaelekea kunyooka. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2024 inazitaka simu, tableti, visikilizi, spika za kubeba na kamera ziwe na tundu la USB-C, na zile zinazochaji kwa zaidi ya wati 15 zikubali Power Delivery. Sisi sheria hiyo haitufungi, lakini kampuni kubwa hazitengenezi simu za aina mbili kwa ajili yetu. iPhone nazo zilihamia USB-C mwaka 2023. Ndiyo maana nasema chaja ya leo isikose walau matundu mawili ya C.

Neno GaN nalipita haraka. Ni galiamu nitridi, semikondakta inayowasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa kuliko silikoni, hivyo transfoma inakuwa ndogo na joto linapungua. Kwa chaja ya kubeba safarini ni faida kubwa. Kwa kiboksi kinachokaa mezani mwaka mzima si lazima kulipa ziada kwa sababu ya udogo.

Kebo, kwa upande mwingine, ningependa tuipe muda, kwa sababu chaja nyingi zinalaumiwa kwa kosa la kebo. Angalieni ubavuni mwa kebo kwenye mwanga, mtaona maandishi kama «28AWG/1P + 24AWG/2C». Sehemu ya kwanza ni jozi ya nyaya za data, na ya pili ni nyaya mbili za umeme. AWG ni kipimo cha unene wa waya: kadiri namba yake inavyokuwa ndogo, ndivyo waya unavyokuwa mnene. Kebo ya mita moja ambayo nyaya zake za umeme ni 28AWG ina ukinzani wa kama omu 0.43 kwenda na kurudi. Ikipitisha ampea 2 inapoteza volti 0.85 njiani, kwa hiyo kati ya volti 5 zilizotoka kwenye chaja zinafika 4.15, na simu inapunguza mkondo au inakataa kabisa. Kebo ya 24AWG ya urefu huo huo inapoteza volti 0.34 tu. Nunueni kebo fupi na nene kwa ajili ya meza. Nusu mita inatosha sana. Kwa kompyuta mpakato kumbukeni kwamba kebo ya C isiyo na chipu ya utambulisho huishia ampea 3, sawa na wati 60, hata chaja iwe na uwezo wa 100.

Mwisho ni upande wa ukutani. Tanzania na Kenya tunatumia plagi ya pini tatu za mstatili ya kiwango cha Uingereza cha BS 1363, ambayo ndani yake kuna fyuzi. Chaja nyingi za mezani huja na waya wa pini mbili za mviringo, na mnajua kinachofuata: mtu anasukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili vifuniko vifunguke, kisha analazimisha pini mbili ziingie. Pini hizo hazikai sawasawa, zinalegea, na hakuna fyuzi yoyote inayoulinda waya ule mwembamba. Habari njema ni kwamba waya wa chaja hizi aghalabu hutoka, na upande wake wa pili ni ule wa umbo la namba nane unaotumika kwenye redio. Nunueni waya wa aina hiyo wenye plagi ya pini tatu, na ndani ya plagi wekeni fyuzi ya ampea 3, maana ya 13 ni kubwa mno kwa waya huo.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji:
Shukrani sana mkuu kwa somo zuri. Naomba kuuliza, nikishika simu yangu yenye fremu ya chuma wakati inachaji nahisi kitu kama kinatekenya vidoleni, hasa nikiwa pekupeku. Je, chaja yangu ni feki?

Mleta uzi:
Ndugu, si lazima iwe feki. Chaja zisizo na pini ya ethi huwa na kapasita ndogo kati ya upande wa umeme wa ukutani na upande wa USB, iliyowekwa ili kupunguza kelele za umeme, na kupitia hapo hupenya mkondo mdogo sana, ambao kwa chaja iliyotengenezwa kwa kufuata kanuni hauzidi sehemu ya milliampea moja. Mtekenyo mwepesi kwenye chuma ni jambo la kawaida. Ukipigwa shoti inayokufanya utupe simu, hiyo si kawaida, na chaja hiyo iondolewe nyumbani siku hiyo hiyo. Kwenye chaja feki kapasita yenyewe huwa ya aina isiyofaa, na nafasi kati ya pande mbili za sakiti huwa finyu. Mwaka 2016 taasisi ya UL ya Marekani ilipima chaja 400 zilizoghushi jina la Apple, na ni 3 tu zilizofaulu kipimo cha kuhami umeme. Chaja yenye matundu mengi inashikwa na watu wengi kwa wakati mmoja, wakiwemo watoto, kwa hiyo hapa usitafute nafuu ya bei. Tafuta alama ya TBS au KEBS (mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya), jina la mtengenezaji anayejulikana, na kibandiko kinachoonyesha volti na ampea za kila tundu. Kiboksi chenye matundu sita kilichoandikwa namba moja tu ya wati, bila maelezo mengine, kiache dukani.

Mchangiaji mwingine:
Mama mwenye nyumba wetu anagawa bili ya LUKU kwa kichwa, na anasema chaja ya matundu mengi inakula umeme hata ikiwa haina kitu. Nimjibuje kwa heshima?

Mleta uzi:
Mwonyeshe hesabu, mkuu. Betri ya simu ya mAh 5,000 inabeba takriban wati-saa 19, na ukijumlisha upotevu unaohesabiwa kwenye mita inakuwa kama 25. Yuniti moja ni wati-saa 1,000, hivyo inajaza simu ya namna hiyo mara 40 hivi. Chaja nzuri isiyo na kifaa hutumia chini ya nusu wati, maana yake hata ikiachwa imechomekwa mwezi mzima haifikishi nusu yuniti. Pasi ya umeme ya wati 1,000 inamaliza nusu yuniti kwa dakika 30.

Mchangiaji mwingine:
Huku kwetu kijijini tunatumia sola ya volti 12 yenye betri na inveta ndogo. Chaja hii ya mezani itafanya kazi kwenye inveta?

Mleta uzi:
Itafanya kazi, kwa sababu chaja hizi hupokea volti 100 hadi 240, ingawa kwenye inveta za bei nafuu zinazotoa wimbi la hatua hatua chaja inaweza kupata joto zaidi na kutoa mlio mwembamba. Lakini kwa hali yako nisingekushauri njia hiyo. Utakuwa unapandisha volti 12 hadi 230, kisha unazishusha tena hadi 5, na kila hatua inakula sehemu ya umeme wa betri yako, achilia mbali kwamba inveta yenyewe inatumia umeme wakati wote ikiwa imewashwa. Tafuta chaja ya matundu mengi ya aina ya gari, inayopokea volti 12 hadi 24, ambayo nayo inapatikana ikiwa na USB-A na USB-C zenye Power Delivery. Iunganishe kwenye betri kupitia fyuzi iliyowekwa karibu na mguu chanya wa betri, au kwenye sehemu ya mzigo ya kidhibiti chako cha sola kama ampea zake zinaruhusu. Chaja ya wati 60 itavuta takriban ampea 5 hadi 6 kutoka kwenye volti 12, kwa hiyo soma kwanza kiwango kilichoandikwa kwenye kidhibiti, na waya uwe wa milimita za mraba 2.5 kama umbali kutoka kwenye betri ni mita chache.